Vijiko Vinne Nyumbani kwa Min Ouma

Mama mkwe wangu, Min Ouma, yaani mama yake Ouma, tulimzika Magunga mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, mvua ikijivutavuta upande wa ziwa bila kufika. Watu walikuja wengi. Niliwahesabu mara mbili, mazoea tu ya soko, na mara zote mbili walitosha kumpa heshima mama yeyote wa pale. Chakula lakini kilipikwa kwa jirani, sufuria zote, hata maji ya chai, na jiko la mwenyewe likakaa baridi, mlango umerudishwa. Hakuna aliyeuliza sababu. Mwanamke kijana aliyeketi kando yangu alimvuta mwanawe, mtoto wa kama miaka mitatu aliyekuwa anauelekea ule mlango, akamwambia polepole, "Huko hapana. Hiyo nyumba hatukuli." Kisha akaniona mimi, akanitambua, uso wake ukalainika kwa huruma. "Pole, mathe. Si ni wewe huyu mama alitaka kumaliza? Lakini uliponea." Nikamwambia asante. Hilo ndilo neno nililolitoa mbele ya jeneza la Min Ouma: asante.

Niliponea, ndiyo. Niliponea nini, hapo ndipo kwenye maneno, na kwa miaka kumi na mmoja nimewaacha watu wajaze wenyewe. Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nauza mitumba soko la Migori, nguo za kina mama wenye miili, na tangazo la biashara lilikuwa mimi. Mteja akiuliza kama gauni litamtosha, nilijiwekea kifuani tu nikamwambia, likinitosha mimi hilo linatosha kata nzima. Mzani wa hospitali ulisema kilo mia moja thelathini na saba. Mzani wa kijana wa stendi ulisema mia moja thelathini na nne, kwa sababu yeye tulikuwa tumeelewana. Magoti yalikuwa yamegoma, sukari imepanda, na daktari mmoja wa Nairobi, mtu mpole asiyejua kupamba maneno, aliniambia kwamba nikiendelea vile arobaini nitaisikia kwa watu. Basi mwezi wa Juni nikafunga kibanda, nikawaambia majirani naenda kuchukua mzigo Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, na mzigo wenyewe nikauacha huko badala ya kuuleta: walinitoboa matundu matano madogo tumboni, wakapitisha vyombo vyao, wakakata sehemu kubwa ya tumbo na kunibakishia mfuko wa kutosha ndizi moja, tena ile fupi. Aliyejua ni mume wangu Ouma, aliyekuwa akifanya kazi Lodwar, mbali kaskazini, na mimi. Tulikubaliana tusimwambie mtu. Sokoni kwetu mtu akisikia umelipa ili ukatwe usile, hilo halitakuwa jambo la wiki moja. Watakuzika nalo.

Kabla sijaruhusiwa kuondoka, msichana wa lishe alikuja kukaa kitandani kwangu na karatasi nne. Alikuwa mwembamba hivi kwamba nilimwuliza kama na yeye wamemkata. Akacheka, akaanza kusoma. Wiki mbili za kwanza vitu vya maji peke yake, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, uji mwepesi usio na sukari, na yote kwa kuonjaonja, si kwa kugugumia. Wiki mbili zinazofuata, vitu vilivyosagwa. Halafu vitu laini. Vijiko vinne kwa mlo, vile vya chai. Kila tonge kutafunwa mara ishirini na tano. Protini kwanza, vingine baadaye kama nafasi ipo. Kutokunywa chochote nusu saa kabla ya kula na nusu saa baada ya kula. Sukari, soda na mafuta, kwaheri. Vitamini kila siku hadi kufa.

"Wiki mbili za maji ni nyingi," nikamwambia. "Tufanye moja na siku tatu."

"Mama, hapa si Gikomba."

"Kila mahali ni Gikomba, mwanangu. Ni vile wengine hawajatajiwa bei."

"Sawa. Hii bei haipungui," akasema, akanipa karatasi. "Ukipunguza wewe, kushona kutaachia. Na ukifika nyumbani, waambie watu wa kwako, ndio wakusaidie. Wasiojua ndio watakulisha."

Nilisikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Karatasi nilizikunja mara nne nikaziingiza kwenye pakiti ya sidiria mpya, mahali ambapo hakuna mwanamume wala jirani angepekua. Na nitajisifu hapa, maana huko mbele hakuna pa kujisifia: nilizifuata. Chumba changu kilikuwa nyuma ya soko, ukuta wa mabati upande mmoja, na jioni zote jirani alikaanga maandazi. Nilikaa kwenye kigoda na kikombe cha supu ya kuku, kijiko cha chai mkononi, saa ya simu mbele yangu, nikihesabu. Nilihesabu vijiko, kisha nikahesabu tena nilivyobakisha, nione kama hesabu inakutana. Nilitafuna yai lililopondwa mara ishirini na tano kama mtu anayetafuna mkataba. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba tumbo lililokatwa halina njaa, lakini mdomo hawakuukata, na kichwa pia hawakukigusa. Nililia mara moja kwa sababu ya harufu ya maandazi. Mara mbili, kama ni kusema ukweli.

Kilo zilianza kuondoka zenyewe, na magauni yangu nikayatundika kibandani moja moja pamoja na mengine, kwa hiyo soko zima lilikuwa linaniona nikijiuza kwa vipande. Mabati hayafichi maneno. Siku moja nilisikia wale wa maandazi wakinitaja. "Boke ameisha. Umeona shingo?" "Ni ile kitu." "Wacha, mimi sijasema." "Hujasema lakini umefikiria." Sikuumia sana. Ukimwi waliokuwa wananipa ulikuwa wangu peke yangu, mimi ndiye nilisemwa na mimi ndiye nilibeba. Siku hizi naukumbuka ule uvumi wa kwanza kama mtu anavyokumbuka nyumba nzuri aliyowahi kupanga.

Mwezi wa nane mama mkwe alituma salamu: je, nyar Kuria amenitoroka? Nyar Kuria ndilo jina aliloniita tangu niolewe, binti wa Kuria, kwa kuwa kwetu ni kule mpakani na lugha yake sikuwahi kuimeza vizuri, yangu naye hakuijaribu hata. Tulikutania katikati, kwenye Kiswahili, chetu sote kibovu kwa namna tofauti. Nilikuwa wiki ya saba. Vitu laini viliruhusiwa, samaki akitajwa kwa jina. Nikahesabu siku mara mbili, nikaona ninaweza, nikapanda kwenda Magunga na thamosi yangu na kopo langu dogo. Kabla sijashuka kwenye bodaboda alishanishika mikono yote miwili, akanizungusha kama kitambaa anachotaka kununua. "Nani amekupunguza?" akaniuliza. Nikamwambia ni taifodi. Akatikisa kichwa, akaenda moja kwa moja jikoni, na sauti ya mafuta ikaanza.

Chumba kile cha kulia ninacho chote kichwani. Viti vya mbao vyenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kalenda ya duka la mbegu, redio iliyofunikwa kama maiti ya mtu mdogo. Alileta samaki, ngege mzima, amekaangwa halafu akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya mpaka nyama inaachia mfupa. Alileta kuon, ule ugali wao wa mtama na mahindi, mweusi na mgumu, umekaa kwenye sahani kama kilima. Kisha akafanya kile alichokuwa akifanya tangu mwaka niliolewa: akavuta kigoda chake, akakaa mbele yangu mikono mapajani, akaniangalia.

"Kula, nyathina, mwanangu. Mimi nitakula baadaye. Nataka kuona wewe ukikula."

Hakuwahi kuniambia kwa mdomo kwamba ananipenda. Aliniangalia nikila. Ndiyo lugha aliyokuwa nayo, hiyo wala haikuhitaji Kiswahili. Nilianza vizuri. Samaki kwanza, kipande kama ukucha, ishirini na tano. Kipande cha pili. Cha tatu. Cha nne, nikaweka mkono chini. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, na uso wake ukaanza kujikunja pembeni. "Haina chumvi?" "Iko sawa, Mama." "Ni mzee sasa anapika vibaya." "Mama, hapana." Nikachukua tonge la kuon. Moja tu, nikajiambia, na nikalitafuna, lakini ule ugali haumaliziki mdomoni, unavimba tu. Nikameza. Nikachukua la pili ili lile la kwanza lisionekane la huruma. Akafurahi, akanimiminia chai ya maziwa yenye sukari ya harusi, nami nikanywa papo hapo, nusu saa yangu nikiiona inapita dirishani.

Dakika kumi baadaye nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi nimeshika mti. Jasho lilinitoka kama nimemwagiwa ndoo, moyo unakimbia, kitu kimekwama chini ya titi kama ngumi, na kinachotoka mdomoni ni povu tu, kamba ndefu za povu, na mwishowe vile vipande vya samaki vikiwa vizima. Mama Akinyi alinikuta hapo. Huyu alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mwenye roho nzuri na masikio makubwa. Akanishika kiuno, akaangalia chini, akaangalia tena mlango wa jikoni ambapo mama mkwe alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. "Alikuwa anakuangalia ukikula?" akaninong'oneza. Nami, mjinga wa kabila lingine, nikajibu ukweli pekee niliousema siku ile. "Ndiyo. Huwa ananiangalia."

Sikujua kitu kinachoitwa sihoho. Kwetu tuna mambo yetu, hilo hatuna, au tuna jina lingine. Nilielezwa baadaye kidogokidogo: kuna wanawake wenye jicho, na jicho hilo likikuangalia unapokula, chakula kinagandia tumboni, unavimba, unatapika, unakonda hadi ufe. Wengine hawajui hata kama wanalo. Ndiyo maana mama mwenye mtoto mchanga hujifunika leso akinyonyesha mbele ya watu. Na ushahidi wao, mtu akiupanga mezani, ulikuwa mzuri kuliko ushahidi mwingi niliowahi kuuona sokoni. Mke wa mwana, mnene, mwenye afya. Anaanza kukonda. Anakuja kwa mama mkwe, anaangaliwa, anatapika samaki. Na mara zilizofuata? Mara zilizofuata nilikuja na kopo langu. Nilikuwa nimetishika, ngumi ile niliiogopa, kwa hiyo nikawa nafuata karatasi kama sheria ya nchi: nilikataa ugali wake, chai yake, hata ndizi. Nilikula vijiko vyangu vinne upande wa pili wa ua, peke yangu, nikitazama saa. Kila nilipofunga lile kopo nilikuwa naandika jina la mtu, sikuliona tu. Ouma nilimpigia simu. "Watu wataongea halafu watachoka," akasema. "Wewe pona kwanza." Ukiwa Lodwar kila kitu kinachoka haraka.

Mwezi wa kumi, alasiri moja ya jua kali, Mama Akinyi aliniita kwake. Ndani, kwenye mkeka, alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo mwenye vidole virefu, anaitwa Nyar Gem, na kazi yake ilikuwa ile ambayo kwa lugha yao huitwa tako: kutoa tumboni kile ambacho jicho limekigandisha. Beseni la maji lilikuwa tayari, mafuta yapo, kitambaa cheupe kipo. "Ukikataa utakufa hivi hivi tukikuangalia," Mama Akinyi aliniambia, machozi yako karibu. "Wewe ni mgeni, hujui hii kitu. Lala." Ningeweza kusema hapo. Sentensi yenyewe ni fupi: nilifanyiwa opareshoni. Badala yake nikapiga hesabu yangu ya kitapeli, kwamba mtu akikandwa dakika kumi mambo yanaisha, nao wataniacha na kopo langu. Nikalala. Mama Akinyi akatoka kuongeza maji. Vidole vya Nyar Gem vikapanda kutoka kitovuni, vikasimama. Vikaenda kushoto, vikasimama tena. Akainua blauzi yangu, akainama.

"Hii tano ni nini?"

"Upele."

"Upele imepangwa mstari?" Akacheka puani. "Binti yangu alitolewa jiwe la nyongo Kisumu. Yake ni nne. Sindano ya daktari naijua, mama."

Nilimshika mkono. "Usimwambie."

"Mimi nitamwambia nini? Mimi nimekuja kufanya kazi." Akaniangalia kwa muda, macho kwa macho, sura ile ile ninayoijua kwa wanunuzi wa asubuhi ambao tayari wana bei yao. "Wewe utanyamaza yangu, mimi nitanyamaza yako. Sawa?"

Nimeshapatana na watu wengi maishani, wenye magari na wenye mikokoteni, polisi na wachungaji. Hakuna mapatano niliyoyakubali haraka kama yale. "Sawa," nikasema. Mama Akinyi akarudi na maji, Nyar Gem akaweka kitambaa chenye maji juu ya tumbo langu, akakanda, akavuta, akaomba kwa sauti, akavuta tena kwa nguvu mpaka nikapiga kelele ya kweli, na alipokikung'uta kitambaa ndani ya beseni, kikaanguka kipande cha samaki chenye ngozi yake, kikaelea. Mama Akinyi alipiga magoti. "Samaki," alisema. "Yesu, ni samaki." Nyar Gem hakutaja jina la mtu yeyote. Hakuhitaji. Nilitazama kile kipande kikizunguka polepole kwenye maji na nikaona hata hakikuwa ngege. Kilikuwa mbuta, samaki mwingine kabisa. Hakuna mwingine chumbani aliyetaka kuangalia vizuri kiasi hicho.

Kabla ya Krismasi, ua wa Min Ouma ulikuwa umenyamaza. Watoto waliokuwa wanakuja kuomba maembe mabichi waliitwa na mama zao wakiwa bado mlangoni. Kwenye mikutano ya akina mama alipewa kikombe chake akanywa nje. Kanisani wenye watoto wachanga walihama benchi alilokaa, bila ugomvi, kwa adabu kabisa, mpaka akaelewa mwenyewe akaanza kukaa benchi la mwisho kabisa, peke yake na ufagio wa kanisa. Kwangu alibadilika kwa namna ambayo sijapata kuizoea. Aliacha kunipikia. Nikija alinipa vitu vikiwa vibichi, mayai, unga, mboga ambazo hazijaoshwa, akanionyesha jiko: "Pika mwenyewe, nyathina." Na nikianza kula, mahali popote ndani ya ule ua, alisimama akageukia ukuta. Aligeuka tu, uso karibu uguse udongo, mikono nyuma, akasubiri nimalize vijiko vyangu vinne, ishirini na tano mara nne, akihesabu labda na yeye. Nimekula na watu wengi tangu wakati huo, hotelini, harusini, matangani. Bado natafuna vile vile. Na kila mlo kuna mtu mmoja zaidi chumbani, kwenye kona, amenipa mgongo. Nikigeuka kumtafuta hayupo. Nikirudi kwenye sahani, yupo.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata mzani wa hospitali ulisema sabini na tisa. Msichana wa lishe alinipigia makofi kwenye simu. Sukari ilikuwa imeshuka, magoti yamesamehe, na Migori walikuwa wameanza kuniita mtu aliyefufuka, biashara ikapanda, kila mtu anataka kununua kwa aliyefufuka. Ndipo nikaenda Magunga siku ya Alhamisi, nikamkuta jikoni anachemsha maziwa, nikafunga mlango nyuma yangu. "Mama, nataka uone kitu." Nikainua blauzi. Alitaka kugeukia ukuta kwa mazoea, nikamshika bega. Akasogea na kidole, bila kugusa, akahesabu kwa lugha yake. "Achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Nani alikudunga?"

"Daktari, Nairobi. Walinipunguza tumbo. Ilikuwa Juni, kabla ya ile siku ya samaki."

Maziwa yalipanda, yakamwagika kwenye mawe, hakuna aliyeyashughulikia.

"Ulilipa hao watu?"

"Nililipa."

"Ndio usikule?"

"Ndio nikule kidogo."

Akacheka. Miezi mingi sikuwa nimesikia kicheko kile, kikubwa, cha kupiga paja. "Nyar Kuria! Ungeniambia mimi, ningekunyima bure!" Nami nikacheka, na kwa muda kidogo tukawa wanawake wawili jikoni. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Na samaki ya Nyar Gem?"

"Alikuja nayo."

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Alikaa chini kwenye kigoda. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata nimeyapanga kichwani na majibu yake. "Mimi nilikuwa nauliza macho yangu," akasema. "Kila asubuhi. Wanasema mwenye iko nayo anaweza kosa kujua. Nilifikiria Ouma alipokuwa mdogo, kama nilimwangalia akikula. Nilifikiria yule msichana wangu alikufa. Alikuwa miezi tisa. Nilikuwa namwangalia sana." Aliinua uso. "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

"Hakuna kitu kwa macho yangu."

"Hakuna, Mama."

Akayafuta macho hayo kwa pindo la leso, moja halafu lingine, kwa uangalifu, kama vyombo vilivyorudishwa na mtu aliyeviazima. Halafu akasimama, akaondoa sufuria motoni. "Basi waambie," akasema. "Mimi nikisema, watasema najitetea. Sema wewe. Jumapili kuna ushuhuda."

Jumapili alitoka mapema kuliko mimi. Nilipofika kanisani nilimkuta benchi la pili, upande wa akina mama wenye watoto, amevaa gauni la buluu ambalo nilimletea mwaka niliolewa, Biblia mapajani, mgongo umenyooka. Nafasi iliachwa pande zake zote mbili, ya mtu mmoja huku na mtu mmoja kule, na hakuonekana kuijali. Wakati wa ushuhuda ulipofika hakugeuka kunitafuta. Alikuwa ametulia kama mtu ambaye barua yake imefika na anangoja tu isomwe. Mama Akinyi akanitangulia. "Mnamjua huyu dada. Mnajua Mungu alimtoa wapi." Watu wakaitikia. Nikasimama mbele yao, nikaona nyuso, nusu ni wateja wangu wanaoshuka Migori siku za soko. Nikaona Mama Akinyi, ambaye alipiga magoti kando ya beseni kwa ajili yangu na ambaye kwa sentensi moja ningemfanya mjinga mbele ya kanisa zima. Nikamwona Nyar Gem karibu na dirisha, ananitazama kwa utulivu. Nikajipigia bei. Leo nitasema nusu, nikajiambia, watu wazoee, Jumapili ijayo nitamalizia. Lilionekana jambo la busara kabisa. Nimeshawaambia wateja maneno kama hayo mara ngapi, lipa nusu, chukua, utamalizia.

"Nilikuwa mgonjwa sana," nikasema. "Sasa nimepona. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Akinyi, hakuniacha."

Wakashangilia. Mtu akaanzisha wimbo, ngoma ikaingia, Mama Akinyi akanikumbatia analia kwa sauti. Juu ya bega lake nilimwona mama mkwe wangu. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, kwa kipimo, mpaka yalipokwisha. Kisha akakunja leso yake, akachukua Biblia, akaomba njia kwa upole kati ya magoti ya wale akina mama waliokuwa wakiwafunika watoto wao, na akarudi nyuma kukaa na ufagio, na huko akakaa Jumapili zote za miaka kumi.